Ukimya wa Jikoni kwa Bartley

Kila chumba kina ukimya wake. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa katika kazi ya kunasa sauti, na mpaka leo silioni kuwa dogo. Mahojiano yakiisha, kabla taa hazijazimwa na nyaya hazijakunjwa, mimi huinua mkono na kusema, "Jamani, tulieni kidogo, nachukua ukimya." Watu hukaa walivyo, bila kukohoa, bila kusogeza kiti, nami nanasa mvumo wa friji, saa ya ukutani, upepo kwenye dohani. Baadaye, tunapohariri na kukata maneno ya mtu, mapengo tunayaziba kwa ukimya wa chumba chake mwenyewe. Ukiyaziba kwa ukimya wa chumba kingine, sikio la mtazamaji linashtuka hata kama mwenyewe hajui limeshtushwa na nini.

Jikoni kwa Bartley Guckian kulinuka rangi mbichi siku tuliyokwenda kumhoji. Zamu ya Misa ilikuwa imewafikia. Kwetu Leitrim, mashambani mbali na Dublin, Misa huzunguka nyumba kwa nyumba, na ikifika kwako unapaka rangi, unang'oa magugu, unaazima vikombe, kisha majirani wote wanakuja kusali jikoni mwako, kula sandwichi zako, na kuchungulia kama umefagia nyuma ya jiko. Attracta, mke wa Bartley, alikuwa juu ya ngazi na brashi mkononi tulipoingia.

"Msiegemee ukuta wa kushoto," alisema. "Na wewe Fiachra Tansey, futa viatu. Televisheni haikukufanya malaika."

Fiachra akafuta viatu.

Ni lazima niseme kidogo kuhusu Fiachra, maana wapo wanaomjua kwa jina tu na wapo waliowahi kumtukana bila kumjua. Baba yake aliendesha lori la maziwa, akikusanya madebe kwenye malango ya wakulima. Kazi ya kwanza ya Fiachra ilikuwa kuandika bei za ng'ombe kwenye gazeti la wilaya. Kila wiki alisimama kwenye mnada, mvua ikimwingia shingoni, akitazama nani amekonyeza nani, nani anajifanya hataki ndama ambaye usiku kucha alimwota. Alisema uchumi wote aliujulia pale, na kwamba vitabu alivyosoma baadaye Dublin vilimpa majina tu ya mambo aliyokwisha kuyaona yakikanyaga samadi.

Huko Dublin alipanda vyeo mpaka akapewa safu yake mwenyewe kwenye kurasa za fedha. Kisha, mwaka ambao kila mtu alikuwa ananunua nyumba na mwenye moja anatafuta ya pili, aliandika kwamba nyumba zetu zinauzwa kwa bei ambayo mishahara yetu haiwezi kuibeba, na kwamba siku wageni wanaozikopesha benki zetu watakapofunga mkono, tutabaki na kuta zisizo na watu. Gazeti lake liliishi kwa matangazo ya nyumba. Safu ikaondolewa taratibu, bila ugomvi, akahamishiwa kwenye bei za mbolea. Redioni walimwita Kasuku wa Msiba. Kwenye harusi moja bwana mmoja alimmwagia bia nyeusi viatuni, na watu wakapiga makofi. Siku ya Krismasi ndugu yake Enda, fundi umeme aliyekuwa akifanya kazi kwenye majengo hayo hayo, alimuuliza mbele ya bata mzinga, "Unataka wanangu wale nini? Makala zako?"

Kisha bei za nyumba zikaanguka. Yote aliyoyaandika yakawa, na zaidi. Wale waliomzomea wakaanza kumnunulia vinywaji, jambo lililomchukiza kuliko kuzomewa. "Kuwa sahihi juu ya jambo kama hili," aliniambia, "ni kama kushinda jeneza kwenye bahati nasibu." Aliacha gazeti, akashika kamera, akaanza kutengeneza filamu za makala. Yeye picha, mimi sauti, gari moja bovu. Ndivyo tulivyofanya kazi miaka hiyo, na mimi, Lorcan Mulvey, nasema bila haya kwamba hakuna timu ya watu wawili iliyotushinda nchini.

Filamu iliyotufikisha jikoni kwa Bartley ilihusu mtaa wa nyumba uitwao Radharc na Locha, yaani Mandhari ya Ziwa, ingawa ziwa halionekani mpaka upande juu ya paa. Nyumba zilijengwa pembeni ya kijiji chetu, nusu zikaisha, nusu zikabaki na madirisha ya mbao na nyasi zinazofika kiunoni. Dada yangu anaishi mojawapo. Taa za barabarani hazijawahi kuwaka, na kila mwezi analipia nyumba ambayo hata bure huwezi kumpa mtu. Kwa hiyo mimi sikuwa pale kama mgeni, na sikuwa nimetulia.

Tulikuwa na wanunuzi wanaolia. Tulikuwa na kuta na nyasi. Lakini Orlaith, bibi wa televisheni aliyeshika ratiba, alitazama tulichokuwa nacho na kutuambia waziwazi, "Hamna mtu wa ndani ya benki. Hamna hata mmoja anayesema, 'Tulijua.' Bila huyo, hii ni filamu ya nyasi. Nileteeni huyo kabla ya kurusha filamu Ijumaa usiku, la sivyo nafasi yenu naipa kipindi cha kuoka mikate."

Kila aliyewahi kufanya kazi kwenye benki alitufungia mlango. Akabaki Bartley, meneja mstaafu wa tawi la hapa kijijini, mtu aliyemfundisha Fiachra mpira alipokuwa mtoto. Alikubali kuzungumza kwa sababu moja tu, kwamba hakuwahi kumnyima Fiachra kitu.

Akaketi mezani, shati jeupe, tai ya klabu. Nyuma yake, juu ya kabati la vyombo, palikuwa na picha yake akiwa amevaa kaptura, uso umeiva kwa jua, fimbo ya gofu begani.

"Kocha," Fiachra alianza, "mikopo ya Radharc na Locha ilipitia kwako. Mlijua kwamba vijana wale hawataweza kulipa?"

"Tulifuata taratibu, Fiachra. Makao makuu walikuwa na vipimo vyao. Fomu ikitimia, imetimia."

"Na wewe mwenyewe, ulionaje?"

"Mimi nilikuwa tawi. Tawi halioni, tawi linapeleka."

"Lakini vijana hawa uliwafahamu. Uliwafundisha mpira, kama mimi."

Bartley akacheka. "Na wewe hujabadilika. Ulikuwa beki wa namna hii hii, unamkumba mtu hata kama mpira uko upande wa pili wa uwanja."

Ikawa hivyo kwa muda mrefu. Maneno mazuri yaliyopigwa pasi. Kila Fiachra alipogusa, mzee aliteleza kama sabuni. Mwishowe Fiachra akashusha mabega, akasema, "Asante, Kocha. Tumemaliza." Nami nikainua mkono. "Tulieni kidogo, nachukua ukimya."

Attracta akasimama juu ya ngazi, brashi hewani. Fiachra akatazama sakafu. Friji ilivuma. Saa ilipiga kidogo kidogo. Bartley alitazama viganja vyake kama mtu anayetafuta mwiba, kisha akaanza kusema, kwa sauti ya chini kabisa, wala si kwetu.

"Kijana wa jirani yetu Dympna alikuja kukopa na koti la kuazima. Ronan. Mshahara ulioandikwa kwenye karatasi haukuwa wake, na mimi nilijua haukuwa wake, maana baba yake alikuwa rafiki yangu na nilijua hata kuku wao. Akaniuliza, 'Bwana Guckian, ungekuwa wewe ungetia saini?' Nikampa kalamu yangu mwenyewe. Nikamwambia, 'Ningekuwa nimeshatia.' Robo ile ya mwaka tawi letu liliongoza mkoa. Wakanipeleka Ureno kucheza gofu."

Kisha akainua uso, akauliza kwa sauti yake ya kawaida, "Bado tu? Mnataka chai?"

Alidhani kazi imekwisha. Watu wote hudhani hivyo. Ukishamwambia mtu tumemaliza, vinasa sauti anaviona kama vyombo vilivyooshwa. Lakini kinasa changu kilikuwa kikizunguka, na taa nyekundu ya kamera, nilipoitazama, ilikuwa inawaka.

Hatukunywa chai. Fiachra alitoa udhuru, tukapakia vitu, na tulipopita lango nikapiga dashibodi kwa ngumi.

"Tumempata! Fiachra, tumempata! 'Nilijua.' Kalamu yake mwenyewe! Ureno!"

Fiachra aliendesha mpaka nje ya mnada wa zamani wa ng'ombe, akasimamisha gari.

"Hatujapata kitu," alisema.

"Unasemaje?"

"Hakunipa mimi yale maneno. Yamemdondoka."

"Yamedondoka kwenye kinasa changu! Alitupa ruhusa ya kumrekodi, amekaa mbele ya kamera, amevaa tai. Kisheria ni yetu."

"Kisheria, ndiyo."

"Basi?"

Akaelekeza kidole kwenye mazizi matupu. "Pale nimeona mtu akitamka bei mara kumi, akaapa kwa mama yake, akaondoka na ng'ombe wake na hakuna aliyemlaumu. Hadi viganja vigongane, hakuna biashara. Viganja vikigongana, imekwisha, hata kama umejiua. Bartley hajagonga kiganja changu, Lorcan."

Hapo nikawaka. "Miaka mingapi nchi nzima imekuita mwendawazimu? Ndugu yako mwenyewe alikuumbua mezani. Leo unao ushahidi mkononi, unaniletea habari za ng'ombe! Dada yangu analala kwenye nyumba inayovuja. Wale wa benki walipogonga viganja vya watu walikuwa wanauliza kama wamewaelewa? Unamwogopa mzee wa mpira, basi!"

"Namwogopa, ndiyo," alisema taratibu. "Lakini si hilo. Wao walichukua saini ya mtu asiyejua anatoa nini. Nikichukua hii, mimi nami nimefanya nini?"

Nikabaki kutazama mvua.

"Na tukirudi kumwomba, asipokubali?" nikauliza baadaye.

"Basi tutakuwa na filamu ya nyasi, na Ijumaa watu watajifunza kuoka mikate."

Akageuza gari.

Attracta alikuwa ameshahamia ukuta wa pili. Alipotuona alisema tu, "Nilijua mtarudi. Yeye hajui alichosema. Mimi nilikisikia." Akashuka, akafuta mikono, akamwita mumewe kutoka bustanini.

Nilimvisha Bartley hedifoni. Ni mtu mkubwa, zilimkaa kichwani kama kofia ya mtoto. Nikamchezea. Nilimtazama usoni, nikiwa tayari kumchukia, na nikaona rangi inamtoka kuanzia paji mpaka kwenye tai. Alipomaliza hakuzivua. Alikaa nazo, akisikiliza ukimya wa jiko lake mwenyewe uliofuata, mpaka ukakatika.

"Sikujua mnarekodi."

"Najua, Kocha. Ndiyo maana nimerudi."

"Futa."

Mimi nikasogea mbele. Ningesema neno baya, lakini Attracta alinitangulia.

"Futa? Ufute nini, Bartley? Uifute kwenye mashine halafu uje kitandani unigeuzie mgongo kama ulivyonigeuzia tangu tulipotoka Ureno? Mimi ndiye niliyekupiga ile picha. Nilikwambia cheka, hukucheka, nikadhani ni jua."

"Attracta, mbele za watu..."

"Watu gani? Huyu ulimfunga kamba za viatu. Na huyu mwingine," akanitazama juu mpaka chini, "amekasirika mpaka anaharibu rangi yangu."

Nikatoa bega ukutani. Lilikuwa jeupe.

Bartley alivua hedifoni, akaziweka mezani kwa uangalifu. "Wanakuja hapa Alhamisi," alisema. "Kitongoji kizima. Dympna anakuja, hajawahi kukosa Misa ya zamu. Nimmiminie chai, na kesho yake anisikie kwenye televisheni, pamoja na nchi nzima? Hapana. Hilo haliwezekani, Fiachra. Asilisikie kwako."

"Basi alisikie kwa nani?" Fiachra akauliza.

Saa ikapiga. Mzee akatazama kiti cha Dympna, nikimaanisha kiti ambacho angekikalia Alhamisi, maana vyote vilikuwa vimeshapangwa.

"Kwangu," akasema. "Alhamisi, Misa ikiisha, kabla ya chai. Lakini msiniletee kamera. Hiyo ni ya kwao. Nikishawaambia, hiyo mliyo nayo chukueni."

"Na ukishindwa kusema?"

"Basi huna kitu, na utakuwa umekula sandwichi za bure."

Akainua kiganja. Fiachra akakigonga kwa kiganja chake, kwa nguvu, kama kwenye mnada, mpaka vikombe vikalia.

Sitaficha kwamba siku zilizobaki nilimwona Bartley kama mtu atakayekimbia. Orlaith alipiga simu, Fiachra akamwambia, "Huenda." Akauliza, "Huenda ni nini?" Fiachra akasema, "Ni Alhamisi." Akakata.

Alhamisi jioni jua lilikuwa bado juu ya vilima. Magari yaliegeshwa mpaka kwenye mtaro. Jikoni tulibanana, wengine koridoni, wengine kwenye ngazi za ghorofani wakiwa na vitabu vya sala magotini. Fiachra alisimama mlangoni, na watu walimpa nafasi ile wanayompa mtu mwenye mafua. Padri aliweka kalisi juu ya meza ileile. Picha ya gofu, ambayo Attracta alikuwa ameiondoa alipopaka rangi, ilikuwa imerudishwa juu ya kabati. Nilisikia baadaye kwamba Bartley mwenyewe ndiye aliyeirudisha.

Padri alitoa baraka. Watu wakaanza kunyoosha viuno, mtu mmoja akasifu rangi, na mikono ikaanza kuelekea kwenye sahani za mikate ya zabibu. Bartley akabaki amesimama. Akamtazama Attracta, naye akamwekea mkono mgongoni, akamsukuma kidogo, kama unavyomsukuma mtoto jukwaani.

"Kabla ya chai," alisema, "nina neno, na neno lenyewe ni la Dympna."

Dympna Shanley ni mama mdogo wa umbo, mjane, anayefuga kondoo peke yake tangu mwanawe aondoke. Alikuwa na sahani mkononi. Hakuiweka chini.

Bartley akasema yote. Koti la kuazima, mshahara wa uongo, kalamu, swali la kijana na jibu lake. Hakusema makao makuu. Hakusema taratibu. Alipofika Ureno alielekeza mkono kwenye picha bila kuitazama. "Na si Ronan peke yake," akamalizia. "Wengine wenu mmekaa hapa. Mnajijua, nami nawajua."

Hapo ulikuja ukimya ambao sijawahi kuunasa, maana vyombo vyangu nilikuwa nimeviacha nyumbani kama nilivyoahidi. Watu wa koridoni waliokuwa hawajasikia walikuwa wanaulizana kwa macho. Bwana mmoja alichukua kofia yake, akamshika mkewe kiwiko, wakatoka bila kuaga. Wakafuatwa na wengine. Tulisikia milango ya magari.

Dympna alikwenda kwenye kabati. Aliinua ile picha, akaitazama karibu, maana hakuwa na miwani.

"Ulipendeza, Bartley," alisema. "Jua lilikupenda. Ilikuwa mwezi gani?"

"Wa tatu."

"Wa tatu. Ronan alikuwa anachimba msingi kwa mikono, ili kupunguza gharama. Mvua ilinyesha mwezi mzima. Nilikuwa namkaushia soksi kwenye jiko."

Bartley akamsogelea.

"Usiniambie samahani," Dympna akasema. "Sijaiomba na sijakusamehe, usije ukadhani. Nitakapokuwa tayari nitakwambia, na huenda nisiwe." Akairudisha picha pale pale, akainyoosha isikae upande. Kisha akageuka. "Attracta, mimina chai. Sijatoka kwangu na baridi hii nirudi na koo kavu."

Attracta akamimina. Chai ikafurika mpaka kwenye kisosi. Waliobaki wakaanza kushika vikombe, kila mtu akijifanya anatafuta sukari. Dympna alikunywa amesimama, kisha akaita mlangoni, "Wewe Kasuku!"

Fiachra akainua kichwa.

"Haya yatatoka kwenye televisheni yako?"

"Ukiniruhusu, Dympna."

"Mimi? Nani kazungumzia ruhusa yangu? Ninachouliza ni saa ngapi. Ronan yuko Perth, kwenye migodi. Perth ni saa ngapi sasa hivi?"

Basi pale, katikati ya aibu yote ile, ukazuka ubishi. Mmoja akasema Perth wako nyuma yetu, mwingine akasema wako mbele, Padri akasema inategemea Australia ipi, na mzee mmoja aliyekuwa na mjukuu Sydney akamwambia Padri abaki na mambo ya mbinguni. Nilimwona Fiachra akicheka kimya kimya, na macho yake yakiwa yamejaa machozi.

Ijumaa tulikuwa Dublin tangu asubuhi. Orlaith alitazama kipande cha Bartley bila kupepesa. "Hapa ndipo filamu ilipo," alisema. Kisha akainama kwenye skrini. "Lakini baada ya Ureno umeacha kimya kirefu mno. Mzee kakaa tu. Hakuna anayesema kitu. Kata hapo, ingiza muziki."

"Hapana," Fiachra akasema.

"Watu watadhani televisheni zao zimeharibika."

"Wadhani."

"Fiachra, niko upande wako."

"Nakijua kile kimya kimegharimu nini," akamjibu. "Muziki wako una bei gani?"

Kimya kikabaki.

Attracta alikuwa ametualika tukaitazame kwao usiku huohuo. Sikutaka kwenda, nikaenda. Rangi ilikuwa imekauka. Kwenye meza kulikuwa na sandwichi za nyama ya nguruwe na mayai kwa watu wengi, viti vimepangwa kama siku ya Misa, lakini vilikuwa vitupu. Bartley alikuwa amevaa ile tai. Nje bado palikuwa na mwanga kidogo. Filamu ilipokaribia kuanza tukasikia hatua kwenye changarawe, na Dympna akaingia, koti likiwa limelowa, hakusalimia mtu, simu iko sikioni.

"Nimeingia. Ndiyo, kwao. Ndiyo, yupo. Nyamaza, wewe kunywa chai yako kabla ya zamu. Nitakuwekea hapa usikie." Akakokota kiti mpaka mbele kabisa, akaketi, akanyoosha mkono wenye simu kuelekea televisheni, kama mtu anayemwotesha mtoto moto.

Aliushikilia hivyo muda wote. Dada yangu alipita kwenye skrini na taa zake zisizowaka. Nyasi zikapita. Fiachra hakutazama filamu yake, alimtazama Bartley, na Bartley alitazama mkono wa Dympna, uliokuwa umeanza kuchoka. Attracta akachukua mto, akauweka chini ya kiwiko chake. Dympna akauacha.

Kisha likaja jiko. Jiko hilihili, ukuta nusu ukiwa na rangi mpya. Bartley wa kwenye skrini akaangalia viganja vyake, akasema aliyoyasema. Koti. Kalamu. Ureno. Akanyamaza.

Nikausikia ule ukimya wangu ukitoka kwenye televisheni, friji na saa na upepo wa dohani, ukaingia kwenye ukimya wa chumba kilekile ulikotoka. Mimi ambaye hii ndiyo kazi yangu, ninayejivunia masikio yangu kuliko kitu chochote, nilishindwa kutofautisha upi ni wa siku ile na upi ni wa sasa. Hakuna aliyesogeza kiti.

Kwenye simu, kutoka mbali kabisa, sauti ya kijana ikasema, "Mama? Mama, imekatika?"

"Haijakatika," Dympna akasema. "Tulia usikilize."